Maswali na majibu: “Wewe, kuja hapa!” na mambo mengine ya ofisi ya gombolola

Nilifanya kazi hapa Uganda katika ofisi za gombolola, yaani eneo la utawala lililo chini ya wilaya, na za wilaya hadi nilipotimiza miaka 60 na kustaafu. Kwa hiyo barua zenu nyingi nikizisoma naona kama niliziandika mwenyewe. Mwezi huu nimechagua zinazohusu namna watu wanavyotendeana kazini. Nimezifupisha, na majina nimeyaondoa.

Mimi ni mhasibu msaidizi wa gombolola. Siku ya soko mwenyekiti wetu wa LC III (baraza la gombolola) aliingia ofisini na watu wake, akanifokea mbele ya wananchi kwamba nimekalia pesa za barabara. Akamaliza kwa kusema, “Ofisi hii kesho hutaiona.” Nilinyamaza tu. Je, anaweza kunifukuza? – Mhasibu, West Nile

Hawezi. Naanza na hilo ili usiku upate usingizi.

Mwenyekiti wa LC III amechaguliwa kwa kura. Ndiye mkuu wa siasa katika gombolola, na kuuliza pesa za barabara ziko wapi ni haki yake kabisa, tena ni wajibu wake. Lakini wa kukuajiri, kukuthibitisha au kukuadhibu ni Tume ya Utumishi ya Wilaya. Mkubwa wako wa kila siku ni chifu wa gombolola, ambaye ndiye anayebeba dhamana ya fedha, na juu yake yuko CAO, mtendaji mkuu wa wilaya. Tena Katiba ya 1995, ibara ya 173, inakataza mtumishi wa umma kuonewa kwa sababu ametimiza kazi yake kwa uaminifu, au kuondolewa kazini pasipo sababu ya haki.

Ugomvi mwingi niliouona katika ofisi zetu ulitoka hapo hapo, kwenye kutojua nani ni mkubwa wa nani. Mheshimiwa amewaahidi watu kalavati kabla mvua haijaanza. Mhasibu ana vocha ambayo haijatiwa sahihi, na bila sahihi hawezi kulipa. Mheshimiwa anaona anahujumiwa na watu wa ofisi, mhasibu naye anaona anatafutiwa sababu. Wote wawili wanasubiri karatasi moja iliyolala kwenye meza ya mtu wa tatu, na huyo wa tatu anakunywa chai yake kwa raha.

Fanya hivi. Kabla hujasahau, andika tarehe, saa, maneno aliyoyasema kama alivyoyasema, na nani walikuwepo. Nakala moja mpe chifu. Kisha mwombe chifu mwende pamoja kwa mwenyekiti siku isiyo ya soko, mkiwa na kitabu cha hesabu mkononi. Mwambie: “Mheshimiwa, ulipouliza siku ile sikuweza kukujibu mbele za watu. Majibu ni haya.” Wengi hupoa hapo, kwa sababu hawakuwa na hasira nawe. Walikuwa na hofu ya wapiga kura. Akirudia kukutukana, chifu amwandikie CAO.

Usikimbilie kwa diwani anayemchukia mwenyekiti ili akupiganie. Mimi nilifanya hivyo nikiwa kijana, na mwezi haukuisha kabla sijahesabiwa kuwa mtu wa kambi yake. Kunivua jina hilo kulichukua miaka.

Kuna jambo moja huenda usilipende. Wananchi wale waliosikia ukifokewa bado hawajajua pesa ziko wapi, nao wana haki ya kujua. Kiasi kilichopokelewa na kilichotumika kinatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Wa kwenu una nini sasa hivi? Kama kuna tangazo la chanjo ya mwaka juzi peke yake, basi mlimwachia mwenyekiti nafasi ya kusema lolote.

Baba alikuwa mwanajeshi, nami Kiswahili nilijifunzia kambini. Nimehamishiwa wilaya moja ya kati. Kila nikisema na wenzangu kwa Kiswahili wanasema ninawaamrisha. Ninakosea wapi? – Mkaguzi wa afya

Hauko peke yako. Waganda wengi Kiswahili walikisikia kwanza kinywani mwa askari. Upande wa Buganda, huko kati uliko, wazee wa umri wangu wakisikia “Kuja hapa!” moyo bado unashtuka, wanakumbuka vizuizi vya barabarani vya miaka ya 1970 na 1980. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakubali kukitumia kama lugha rasmi, kama Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyoagiza. Hayo yamekaa kwenye karatasi. Masikio ya watu ni kitu kingine.

Kiswahili chenyewe kimejaa adabu, ila kambini hukupewa sehemu hiyo. Ulipewa amri peke yake. Badala ya “Lete faili,” sema “Naomba uniletee lile faili.” “Kuja” iache huko huko, sema “Njoo,” na kwa mtu mzima, “Karibu hapa kidogo.” “Nataka ripoti leo” igeuze iwe “Ningeomba ripoti kabla ya saa nane, itawezekana?” Hilo swali la mwisho dogo linambakizia mwenzako nafasi ya kusema gari halikuwepo.

Halafu salamu. Baganda husalimiana kwa urefu: nyumbani, watoto, kazi. Wewe unaingia mlangoni na jina la faili mdomoni. Uliza habari za nyumbani kwanza, na usubiri jibu. Shikamoo usijilazimishe, hapa kwetu haikuota kama pwani. Lakini ukiweka ssebo (bwana) au nnyabo (bibi) mwishoni mwa sentensi yako ya Kiswahili, watakucheka kwa mapenzi na baada ya hapo watakusikiliza.

Na wenzako nao wasiponde tu. Kama kikao kina watu wa makabila manne, kugeukia lugha ya nyumbani katikati ya hoja, mkacheka, huku mmoja hajui mnacheka nini, ni utovu wa adabu hata kama sauti ni laini.

Bado niko kwenye majaribio kazini. Mkuu wa idara yangu hunitumia ujumbe usiku. Anasema kuthibitishwa kwangu kuko mikononi mwake, na anataka tukutane Jumamosi loji fulani “tuzungumze.” Wenzangu wananiambia nivumilie mpaka nithibitishwe. – Binti, mashariki ya Uganda

Binti yangu, kuthibitishwa kwako hakuko mikononi mwake. Yeye anaandika tathmini. Anayethibitisha ni Tume ya Utumishi ya Wilaya. Anakuuzia kitu kisicho chake.

Anachofanya kina jina katika Sheria ya Ajira ya 2006: unyanyasaji wa kijinsia kazini. Kuomba ngono kwa kuahidi upendeleo au kwa kutisha kumetajwa humo, na maneno na picha za namna hiyo pia. Mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 anatakiwa awe na hatua za kuzuia mambo hayo, na mwaka 2012 zilitolewa kanuni zinazoeleza jinsi ya kuyashughulikia. Wilaya yoyote ina wafanyakazi zaidi ya 25.

Usifute ujumbe hata mmoja, hata ule unaokutia kichefuchefu. Upige picha kwa simu nyingine, nakala akae nayo dada yako au mtu mwingine unayemwamini. Mjibu mara moja tu, kwa maandishi: “Naomba mawasiliano yetu yawe ya kazi.” Usiongeze neno, usiweke vikaragosi vya kucheka ili kupunguza makali. Kisha peleka malalamiko kwa maandishi kwa afisa utumishi wa wilaya. Kama huyo na mkuu wako ni marafiki wa kula meza moja, nenda kwa CAO moja kwa moja. Afisa wa kazi wa wilaya pia anapokea malalamiko ya aina hii, na sheria inakupa ruhusa kumwendea. Hata siku moja akikushika kwa nguvu, hapo ni polisi, usisubiri barua ya mtu.

Ama huo ushauri wa kuvumilia, nimeuona mwisho wake. Baada ya kuthibitishwa inakuja ruhusa ya masomo, baada ya masomo uhamisho, na kila mara kuna karatasi inayohitaji mkono wake. Na hao wenzako wanaoujua ujumbe huo na kukupa pole koridoni, waombe waandike walichokiona. Utajua nani ni mwenzako.

Tunakaa watu watatu chumba kimoja. Mmoja anatazama video za simu kwa sauti kubwa mchana kutwa. – Karani

Umemwambia? Barua yako haisemi. Mwambie. Ukishamwambia mara tatu, mnunulie vile vya kuchomeka masikioni, mtaani si ghali, na umpe kama zawadi mbele ya yule wa tatu.

Nilikwenda kugongewa muhuri barua ya mtoto wa shule. Nilifika saa mbili asubuhi, nikakaa benchini hadi karibu saa saba. Mwenye gari alikuja akaingia moja kwa moja. Mwisho nikaambiwa nitoe “ya wino.” – Mkulima

Pole, mama. Saa za kazi za serikali ni saa mbili asubuhi hadi saa saba kasorobo, kisha saa nane hadi saa kumi na moja jioni. Ulikaa benchini kipindi kizima cha asubuhi. Wakikudai pesa tena, sema kwa sauti ya kawaida: “Sawa, naomba risiti ya serikali.” Malipo halali yana risiti. Ya wino hayana, na mara nyingi ukiomba risiti muhuri unapatikana. Usipopatikana, mwone chifu mwenyewe, na kama ndiye anayekula, ofisi ya IGG, mkaguzi mkuu wa serikali anayepambana na rushwa, inapokea malalamiko ya mwananchi yeyote.

Kwenu mnaokaa upande wa ndani wa mlango: chukueni daftari, andikeni majina kwa kadiri watu wanavyofika, na mwenye gari aandikwe chini ya mwenye miguu aliyemtangulia. Kalamu na daftari havihitaji bajeti ya nyongeza.

Nina miaka 29 na nimeteuliwa chifu wa gombolola. Dereva wetu ana miaka 57, na mama anayesafisha ofisi ni wa umri wa mama yangu. Dereva anachelewa kila siku. Nikiwaita “mzee” na “mama,” nitaweza tena kuwakemea? – Chifu mpya

Waite hivyo hivyo. Mzee anaweza kupewa onyo la maandishi akabaki mzee. Utakachopoteza ukimwita kwa jina lake tupu ni kikubwa kuliko utakachopata.

Mama wa usafi kwanza, maana hukumuuliza mtu habari zake na mimi nina wasiwasi. Kazi yake ni usafi. Ofisi nyingi humtuma rolex (chapati iliyokunjwa na mayai), humtuma muda wa maongezi, humtuma kumchukua mtoto wa bosi shuleni, kisha humlaumu choo kikiwa kichafu. Kataza hilo wiki yako ya kwanza, na uanze na wewe mwenyewe.

Dereva, usimkemee uwanjani mbele ya vijana wa boda. Mwite ofisini, funga mlango, mpe kiti kabla hujakaa. Muulize asubuhi yake ikoje. Huenda gari linalala mbali kwa sababu uzio wenu umeanguka, huenda anangoja mafuta ambayo mtu mwingine ndiye anayeyatoa. Huenda pia anachelewa tu. Kama ni hivyo, mwonye kwa mdomo na uandike tarehe. Akirudia, barua, naye apewe nafasi ya kujibu kwa maandishi. Yakizidi, peleka wilayani kwenye kamati inayoshughulikia tuzo na adhabu. Usiruke hatua kwa hasira wala kwa haya.

Na akiwa bado amekaa hapo, muulize kama barua yake ya kuthibitishwa kazini anayo. Amebakiza miaka mitatu. Wengi wa rika lake hawaijui ilipo, na pensheni bila barua hiyo ni safari za kwenda wilayani zisizoisha. Mwambie kesho aje nayo, au mwanze kuitafuta pamoja.