setvbuf haiondoi Enter

Andika menyu ndogo ya steji kwa lugha ya C: bonyeza 1 uone nauli ya Rongai, 2 ya Ngong. Soma jibu kwa `getchar()`. Mtu akibonyeza 1, kimya. Mpaka apige Enter. Wengi hapo hukimbilia `setvbuf(stdin, NULL, _IONBF, 0)`, yaani kuzima bafa (hifadhi ya muda) ya stdin, ingizo la programu. Bado kimya.

Bafa ziko mbili. Moja ni ya maktaba ya C, na hiyo ndiyo inayoguswa na `setvbuf`. Ya pili iko ndani ya kerneli (kiini cha mfumo endeshi), kwa dereva wa teminali, nayo hushika mstari mzima kama matatu isiyoondoka hadi makanga agonge bodi. Haikuwekwa kukukera: ndiyo inayofanya Backspace ifute hata kwenye programu ambayo hukuiandikia chochote kuhusu Backspace.

Kuizima hiyo ya kerneli, kwenye Linux na mifumo ya Unix (ICANON ni kungoja mstari mzima, ECHO ni kuonyesha kinachoandikwa):

```
struct termios zamani, mpya;
tcgetattr(STDIN_FILENO, &zamani);
mpya = zamani;
mpya.c_lflag &= ~(ICANON | ECHO);
mpya.c_cc[VMIN] = 1;
mpya.c_cc[VTIME] = 0;
tcsetattr(STDIN_FILENO, TCSANOW, &mpya);
```

Usiruke VMIN, idadi ya herufi ambazo `read()` hungoja. Kuna mifumo ambayo nafasi hiyo ndiyo pia ya VEOF, herufi ya kumaliza ingizo, yenye thamani 4 (Ctrl+D), kwa hiyo `read()` itakaa ikingoja herufi nne na utadhani programu imeganda. VTIME, muda wa kungoja, huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde: VMIN 0 na VTIME 5 ni kungoja nusu sekunde, kisha `read()` inarudisha 0. Ukitumia `getchar()` hapo, 0 hiyo itageuka EOF, yaani mwisho wa ingizo.

`setvbuf` ina kazi yake, ila ni hapa: ukichanganya `getchar()` na `poll()`, inayouliza kerneli kama kuna ingizo. Mtu akiandika "12" harakaharaka, `getchar()` ya kwanza huzoa zote mbili, 2 inabaki kwenye bafa ya maktaba, na `poll()` inaapa hakuna kitu. Zima bafa ya stdin, au tumia `read()` peke yake.

Rudisha mipangilio ya `zamani` kabla ya kutoka. `atexit()`, inayoendesha usafi wako programu inapotoka, haitoshi, kwa sababu Ctrl+C huua programu bila kuipitia. Shika SIGINT, ishara inayotumwa na Ctrl+C, uite `tcsetattr` humo, kisha utoke. Sheli nyingine hukurekebishia, nyingine haijali. Ukibaki na teminali isiyoonyesha unachoandika, andika `stty sane` hivyo hivyo gizani, upige Enter. Na uangalie kwanza kwa `isatty()` kama ingizo ni teminali: ingizo likitoka kwenye faili, `tcgetattr` hurudisha -1, na `zamani` inabaki na takataka.

Menyu ikifika chaguo la 10, rudi kwa Enter tu. Hutajua kama 1 ni moja au mwanzo wa kumi.

Kwa PIN, zima ECHO pekee na uiache ICANON, ili mtu aweze kufuta tarakimu aliyokosea. Enter yake nayo haitaonekana, kwa hiyo chapisha `'\n'` mwenyewe au uwashe ECHONL.