Jinsi tunavyomuenzi Madam wetu wa Marangu

Poleni sana kwa msiba, dada. Umeeleza kwamba mama aliyewasomesha wasichana wa kijijini kwenu na kuwaingiza kwenye kazi ya utalii amefariki, mna michango mkononi, na kikao kimegawanyika: wengine wanataka mnara, wengine bonanza la mpira, wengine mfuko wa elimu. Sisi huku Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, tulipita njia hiyohiyo tulipompoteza Madam wetu mwaka 2022, na mwanzoni tuliboronga. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu mama huyu ndiye aliyenifanya niwe mtu.

Jina lake sitalitaja, familia imeomba hivyo, na sababu mtaiona huko chini. Tulimwita Madam tu. Alifundisha jografia sekondari kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, cha marehemu mume wake. Akajenga vyumba vitatu vya wageni katikati ya migomba na kuanza kuwapokea watalii waliotaka kuona kahawa inavyotengenezwa nyumbani kwa Mchaga. Mgeni alichuma buni mbivu mwenyewe, akazimenya kwa mashine ya mkono, akapewa zilizokwisha kukauka akazitwanga kuondoa ganda, akazikaanga kwenye chungu juu ya mafiga, kisha akazitwanga tena huku tukimwimbia. Aliyekuwa anaeleza yote hayo kwa Kiingereza ni msichana wa shule. Madam alikaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jiko, kimya. Ukikosea hakukukatiza mbele ya wageni. Wakishaondoka ndipo anakuita, anakupa kikombe cha kahawa ileile, anakwambia, "Haya, nieleze mimi sasa, mimi ni mgeni kutoka Ujerumani, sijui kitu."

Jumamosi alitufundisha habari za mlima. Kwamba Hans Meyer alifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller, na kwamba huku kwetu anasimuliwa mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Kwamba mwaka 1927 Mwingereza Sheila MacDonald alifika kileleni, na ndiye anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza. Halafu anauliza: na mwanamke wa kwanza wa Marangu kufika pale juu ni nani? Tunanyamaza. Anasema hajui, kwa sababu hakuna aliyeandika. Ndiyo maana yeye alikuwa anaandika.

Alikuwa na kaunta buku yenye jalada la bluu. Kila msichana aliyepita mikononi mwake alikuwa na mstari wake: jina, kijiji, darasa alilofikia, na safu ya mwisho yenye kichwa "Anachokosa". Hakuandika "ni maskini" wala "ni yatima". Aliandika kitu chenyewe kinachomzuia: nauli ya mwezi mmoja, ada ya mtihani, miwani, viatu vyeusi, baba kukubali. Akishakipata anakikata kwa kalamu nyekundu na kuandika tarehe pembeni.

Mstari wangu upo kwenye daftari la kwanza. Nilipata mimba nikiwa kidato cha pili mwaka 2009, kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Nilipimwa, nikaitwa ofisini, nikarudishwa nyumbani siku ileile na begi langu. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 ndivyo zilivyokuwa zinatumika. Nyumbani baba hakuongea na mimi miezi kadhaa. Mtoto alipofikisha mwaka mmoja Madam alikuja kwetu mwenyewe, akaketi na mama jikoni wakimenya ndizi za mtori, akamuuliza, "Huyu anakosa nini ili asome?" Mama akasema anakosa mtu wa kumshikia mtoto. Ndivyo ilivyoandikwa, nimekuja kuiona kwa macho yangu baada ya mazishi: "mtu wa kumshikia mtoto". Imekatwa kwa wino mwekundu, kwa sababu aliyemshika mwanangu asubuhi nne kila wiki alikuwa Madam mwenyewe, huku akinisikiliza nikisoma kwa sauti.

Nilifanya QT, mtihani wa kumruhusu mtu aliye nje ya shule kufanya wa kidato cha nne, mwaka 2012, nikafaulu, mwaka uliofuata nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikapata cheti. Mwaka 2014 nikaenda getini pa kupandia mlima kutafuta kazi ya ugumu, yaani kubebea wageni mizigo, maana huku mtu haanzii kuongoza wageni, anaanzia kubeba.

Wanaume wengi hawajui mwanamke anachokutana nacho mlimani, kwa hiyo nitakisema. Mzigo si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Unapimwa getini, mwisho ni kilo 20, na sisi tumezoea kubeba majani ya ng'ombe tangu utoto. Tatizo ni pa kulala, choo, na siku zako zikikukuta Horombo, kituo cha kulala njiani, mita 3,720, maji yana barafu na wewe uko kati ya wanaume kumi na tano. Usiku wa kabla ya safari yangu ya kwanza Madam alinipangia begi. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni aliofunga fundo mara mbili, aliweka pedi, sabuni kipande, kanga moja ya kujisitiri na kiberiti. Akasema, "Hivi haviulizwi na mtu, lakini ukivikosa utashuka na hutarudi tena." Mpaka leo kila binti ninayempandisha mara ya kwanza nampangia begi vilevile, isipokuwa nailoni siku hizi imepigwa marufuku, natumia mfuko mdogo wa turubai.

Nilibeba misimu mitatu, nikawa msaidizi wa kiongozi, nikasoma kozi, nikapata leseni. Nilipofika kilele cha Uhuru kwa mara ya kwanza, mita 5,895, kilichonijia kichwani ni kigoda kile karibu na mlango wa jiko.

Halafu ikaja 2020. Nchi ilipokea watalii karibu milioni 1.5 mwaka 2019, mwaka uliofuata wakashuka hadi kama 620,000. Getini palikuwa kimya hata mbega ulikuwa unawasikia kutoka barabarani. Wenzangu wengi walirudi shambani, wengine wakaolewa haraka haraka. Madam hakuwa na mgeni hata mmoja, lakini Jumamosi hakuifuta. Alisema wageni watarudi na watamkuta nani anajua kueleza.

Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi kwenye shule za mfumo rasmi, yeye alikuwa kitandani tayari. Alisikia redioni. Binti yake ananiambia aliomba aletewe daftari, akapekua kurasa za nyuma taratibu akihesabu kwa kidole. Alikuwa anatuhesabu sisi. Miezi michache baadaye tukamzika kwenye kihamba, karibu na masale, mmea ambao sisi Wachaga tunauheshimu.

Sasa nije kwenye swali lako.

Mwaka wa kwanza tulifanya kila kosa. Tulichangishana, zikatosha fulana zenye picha yake, bango kubwa na chakula cha watu mia mbili. Kampuni moja ya utalii ikajitolea kuongezea fedha, tukashukuru bila kuuliza kitu. Mwezi uliofuata tukaiona picha ya Madam kwenye matangazo yao, pamoja na wasichana watatu walio chini ya miaka kumi na minane, na maneno yanayowaeleza kuwa "waliookolewa". Mmoja alitambulika shuleni kwake na kuanza kuchekwa. Familia iliumia mno. Picha ziliondolewa baada ya mzee wa ukoo kwenda na barua, lakini jeraha lilibaki, na ndiyo sababu jina lake halitumiki tena hadharani. Kwa hiyo, dada, kabla ya jambo lolote kaeni na watoto wa marehemu, muandike kwenye karatasi nini kinaruhusiwa: jina, picha, mahali. Mfadhili akija mwonyesheni karatasi hiyo kabla hajatoa hata shilingi.

Kosa la pili lilikuwa tarehe. Tuliweka kumbukumbu Desemba kwa kuwa Wachaga wote wanarudi nyumbani. Tukasahau kwamba Desemba ndiyo wageni wanajaa mlimani. Wasichana aliowatengeneza Madam walikuwa juu kazini, waliokuja kula ni wageni waalikwa. Sasa tunafanya Aprili, masika, njia zina tope na wageni ni wachache, viongozi na wagumu wapo nyumbani. Nanyi angalieni kalenda ya kazi yenu wenyewe. Kama ni pwani, miezi ya mvua itawafaa kwa sababu hiyohiyo.

Mnara sikatai, kaburi lisafishwe na lijengewe, hiyo ni heshima. Bonanza nalo linafurahisha vijana. Ila fulana zetu zilichakaa, na msichana aliyekosa ada ya mtihani mwaka ule alikosa kweli, hakuna aliyekumbuka kuuliza. Hilo linanichoma hadi leo, maana hela tuliyolipia bango ingemtosha yeye na wenzake.

Mwaka wa pili binti yake alitukabidhi madaftari. Tulikuwa wanawake kumi na wanne. Tulikubaliana kila anayeshuka na wageni anatoa shilingi 10,000 kutoka kwenye tipu, kabla hajafika nyumbani, kwa sababu ikifika nyumbani ina wenyewe. Tumekiandikisha kikundi halmashauri kupitia ofisa maendeleo ya jamii wa kata, akaunti ina watia saini watatu, na mmoja wao si kiongozi wa wageni, ni mwalimu wa shule. Hatutoi fedha taslimu kwa mzazi. Tunaandika anachokosa binti, tunakwenda kukinunua au kukilipia, tunakata kwa kalamu nyekundu. Na kila aliyesaidiwa anakuja Jumamosi mbili kwa mwezi kuwaeleza wadogo zake kahawa kwa Kiingereza, pale pale, kwa kuwa mkwe wa Madam ameendelea kupokea wageni. Kigoda hakuna anayekikalia. Hatukupanga hivyo, imetokea tu.

Msiogope kuanza na kidogo. Sisi mwaka ule tulikata mistari mitano tu. Mmoja alikuwa anakosa cheti cha kuzaliwa, kitu ambacho hakikuhitaji mfuko wowote, kilihitaji mtu mwenye muda wa kumsindikiza wilayani mara mbili.

Ulizeni pia kama marehemu wenu aliacha chochote cha maandishi: daftari, barua, hata namba za simu zilizoandikwa ukutani. Wahini kabla nyumba haijapakwa rangi. La kwetu la pili limejaa Aprili hii, tumenunua la tatu, bluu vilevile. Mstari wa kwanza ni wa binti wa hapa jirani aliyerudi shuleni mwaka jana baada ya kujifungua na sasa yuko kidato cha tatu. Safu ya mwisho inasema: taa ya kusomea, na bibi ameugua, mtu wa kumshikia mtoto asubuhi. Taa tumeshanunua. Jumatatu na Jumatano mtoto nitamshika mimi nikiwa sijapanda mlima, siku zilizobaki bado tunatafuta mtu.