Maswali na Majibu: Lipu, Matangi na Milango ya Mji Mkongwe

Mji Mkongwe na Stone Town ni pahala pamoja?
Pamoja. Swali hili tumelichoka.

Nyumba yetu ya Kiponda inabanduka lipu kila masika, ingawa tulipiga saruji nzuri. Tufanyeje?
Hiyo saruji ndiyo maradhi. Ukuta ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo. Hunywa maji, kisha huyatoa taratibu kwa hewa. Mmeuziba. Chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma, nayo ikianguka hubeba uso wa jiwe. Baya zaidi hamlioni: ncha za boriti ndani ya ukuta zinaoza, na dari limekaa juu yake.

Bandueni saruji yote kwa patasi na nyundo ndogo, si kwa mashine ya kutikisa. Acheni ukuta ukauke, hata miezi. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu, isioshwe. Kisha lipu ya chokaa iliyolowekwa wiki kadhaa: kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga wa shimo, maana wa pwani una chumvi. Pigeni tabaka mbili au tatu, kila moja isizidi sentimita moja na nusu, na mnyunyize maji siku za mwanzo. Chokaa ikikaushwa na jua hupasuka na kuwa unga. Fundi akisema "natia saruji kidogo tu ishike", mpeni nauli yake.

UNESCO walituandika katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Si watengeneze wao?
Orodha ni heshima na masharti. Haina fundi.

Naweza kuweka tangi la lita 1,000 juu ya paa?
Likijaa ni tani nzima. Urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa vyumba vyenu, takriban mita 3, na zilizooza hazitoi taarifa. Liweke chini, na uanze na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Jumba la Beit el-Ajaib la 1883 liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati. Watu wawili walikufa. Na maji ya kiyoyozi yanayodondokea ukutani? Yavutieni mpira hadi mferejini, leo.

Njumu za shaba mlangoni zilizuia tembo?
Tembo gani, Unguja? Ni pambo lililokuja na mafundi na mitindo ya Bara Hindi. Wanaowahadithia wageni habari za tembo wangewaonyesha mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, na nakshi zake. Na anayetaka kuuza mlango wa babu yake ajue kwamba huo nao unalindwa, kama ukuta ulioushika.