Uliza Ujibiwe: Alama za Michezo ya Video Hupimwa kwa Mizani Gani?

Tangu safu hii ilipogusia michezo ya video miezi miwili iliyopita, barua zinazouliza juu ya alama za wahakiki hazijakatika. Nimechagua nne. Mbili nimezijibu kwa urefu, moja kwa kifupi sana, na ya mwisho ndiyo niliyoisubiri muda mrefu.

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu wa miaka 15 aliweka pesa zake za idi kwa miaka miwili, akanunua diski ya mchezo mmoja mkubwa baada ya kusoma kwamba wahakiki wameupa alama 9 kati ya 10. Nyumbani tuna PlayStation 4 ya zamani. Mchezo unakwama kila mara, na maandishi ni madogo kiasi kwamba hata nikisogea karibu na televisheni siyasomi. Muuzaji amekataa kuirudisha diski. Je, wahakiki hawa hununuliwa? (Mzazi, Tudor)

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umfikishie kijana pole zangu, kwa maana akiba ya miaka miwili ikipotea kwa jioni moja humfanya mtoto asimwamini tena mtu yeyote anayeandika, na hilo linaniuma kuliko bei ya diski.

Mhakiki kupewa bahasha ili apandishe alama ni jambo la nadra. Shinikizo, linapokuwepo, hupitia kwenye matangazo. Mwezi wa Novemba 2007, Jeff Gerstmann, aliyekuwa mhariri katika tovuti ya GameSpot, aliupa mchezo wa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kati ya 10, ilhali kurasa za tovuti hiyo hiyo zilikuwa zimepambwa kwa matangazo ya mchezo huo. Akafutwa kazi mwezi ule ule, na mwaka 2012, alipokuwa huru kusema, akaeleza hadharani jinsi kampuni za michezo zilivyowashinikiza wakubwa wake kwa ajili ya alama. Kisa hicho kimewafanya wengi waamini kwamba kila alama ya juu imenunuliwa. Mimi siamini hivyo, na sidhani kama ndicho kilichomkuta kijana wako.

Kilichomkuta kinafanana zaidi na mambo ya Cyberpunk 2077. Mchezo huo ulitoka tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo wahakiki walipewa nakala za kompyuta peke yake, na hawakuruhusiwa kuonyesha picha za video walizorekodi wenyewe. Wakaucheza kwenye kompyuta zenye nguvu, wakaona jiji linalong'aa kwa taa, na wengi wakatoa alama za juu. Wenye PlayStation 4 na Xbox One walipouweka kwenye mashine zao walikuta nyuso zisizokamilika, magari yanayozuka ghafla barabarani, na mchezo unaojizima wenyewe. Wiki moja hivi baadaye Sony, watengenezaji wa PlayStation, iliuondoa katika duka lake la mtandaoni, na haukurudishwa hadi Juni 2021. Wahakiki wale hawakuandika uongo. Waliandika walichokiona kwenye mashine waliyotumia, lakini mashine hiyo haikuwa yako wala yangu.

PlayStation 4 ilitoka mwaka 2013. Mchezo unaolenga picha 30 kwa sekunde huipa mashine milisekunde 33 tu (sekunde moja ina 1000) za kuandaa kila picha. Ikichelewa, picha iliyotangulia hubaki kwenye kioo na jicho huhisi ule mkwamo ulioueleza. Mchezo huo huo kwenye mashine mpya huenda usiwe na shida hata kidogo. Maandishi nayo ni hivyo hivyo: mhakiki aliyekaa mezani, kioo kikiwa hatua moja mbele ya uso wake, hawezi kujua taabu ya mtu aliyekaa kwenye mkeka, televisheni ikiwa ukutani upande wa pili wa chumba.

Kwa hiyo, safari ijayo, kabla ya kuitazama alama tafuteni mahali mhakiki aliposema aliucheza mchezo kwenye mashine gani. Asiposema, chukulieni kwamba hakuucheza kwenye mashine kama ya kwenu. Wapo wanaofanya kazi ya kupima mchezo mmoja kwenye mashine tofauti tofauti na kuhesabu picha kwa sekunde, na wanaojulikana zaidi ni Digital Foundry. Mngoje walau wiki moja baada ya mchezo kutoka, kwa sababu tahakiki za mwanzo huandikwa kabla ya siku ya mauzo na kuchapishwa saa iliyokubaliwa na kampuni, wakati ambapo mnunuzi wa kawaida hajasema neno. Na kabla hamjaiuza diski hiyo, iunganisheni mashine na intaneti mara moja muupe mchezo nafasi ya kupakua masahihisho yake. Michezo mingine imepona kwa njia hiyo.

SWALI: Shuleni kwetu mwenye 70 hupigiwa makofi. Mbona mchezo ukipata 70 watu wanauita mbovu? Na ile namba ya Metacritic hutoka wapi? (Mwanafunzi, Likoni)

JIBU: Nianze na namba. Metacritic ni tovuti iliyofunguliwa mwaka 2001, na kazi yake ni kukusanya alama za machapisho mengi na kuzigeuza zote ziwe za 100, kisha kuchukua wastani. Huo si wastani unaoufanya darasani, kwa sababu baadhi ya machapisho hupewa uzito zaidi kuliko mengine, na uzito wenyewe hautangazwi. Katika kugeuza ndipo maana inapovuja. Mhakiki anayetoa nyota 3 kati ya 5 huenda anataka kusema kwamba mchezo ni mzuri, una kasoro zake, na ukipenda aina hiyo utaufurahia. Nyota hizo zikigeuzwa huwa 60, na hakuna anayeisoma 60 kwa maana hiyo.

Juu ya 70 kuonekana aibu, angalia rangi za Metacritic wenyewe. Filamu, ambazo nazo hukusanyiwa alama humo, hupata kijani, rangi ya sifa, kuanzia 61, ilhali mchezo wa video haupati kijani mpaka ufike 75. Filamu ya 65 na mchezo wa 65 zimepewa namba moja, lakini moja imevikwa kijani na nyingine manjano. Waliopanga rangi hizo waliona kwamba alama za michezo zimevimba, wakausogeza mstari juu. Kuvimba huko nadhani kunatokana na mazoea mawili. Kwanza, machapisho mengi yalikulia Marekani, ambako 70 shuleni ni C, alama ya mwanafunzi ambaye mzazi wake hafurahi. Pili, uhakiki wa zamani ulifanana na ukaguzi wa chombo cha umeme: kikiwaka na kisipounguza mtu, tayari kina 6. Zinabaki alama nne tu za kusemea kama mchezo una ladha, na hazitoshi.

Wala usidhani ni mambo ya mashabiki kugombana tu, kwa sababu watu wamekosa riziki hapo. Fallout: New Vegas ya mwaka 2010 ilitengenezwa na studio ya Obsidian chini ya mkataba ulioahidi bonasi ikiwa mchezo utafika 85 kwenye Metacritic. Ulipata 84. Chris Avellone, mmoja wa wakuu wa studio, ndiye aliyelitoboa hilo mwaka 2012. Kila ninapolikumbuka hujiuliza kama kuna mhakiki hata mmoja kati ya wale aliyejua, alipokuwa akisita baina ya 8 na 9, kwamba kusita kwake kutaingia kwenye hesabu ya mshahara wa mtu.

Ipo mitindo mingine. Jarida la Famitsu la Japani huwapa waandishi wanne mchezo mmoja, kila mmoja akatoa alama zake kati ya 10, na zote nne huchapishwa. Jumla kamili ya 40 ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1998, kwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time. Mtindo huo naupenda, kwa kuwa msomaji huona walipotofautiana. Tovuti ya Eurogamer ya Uingereza iliacha namba mwaka 2015, kisha mwaka 2023 ikarudi na nyota tano, maana wasomaji walikuwa bado wanataka kitu cha kutupia jicho. Kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, mnunuzi hutoa jibu moja tu, anaupendekeza mchezo au haupendekezi. Hapo nakuomba uwe mwangalifu, mwanangu: asilimia 90 ya Steam maana yake ni kwamba watu 9 katika kila 10 wanaupendekeza, hata kama kila mmoja wao anauona wa wastani. Mchezo mdogo usiomuudhi mtu unaweza kuupita kwa asilimia mchezo mkubwa wenye ujasiri uliowagawa watu.

SWALI: Mchezo ukiwa na alama za juu, naweza kumnunulia mwanangu wa miaka 8 bila wasiwasi? (Mama, Kisauni)

JIBU: Hapana, mama. Alama hupima ubora wa kazi na hazihusiani na umri wa mchezaji. Grand Theft Auto V ina 97 kwenye Metacritic, na kwenye jalada lake pana 18 ya PEGI, alama ya umri, yaani ni mchezo wa watu wazima. Tazama pembe ya chini ya jalada. PEGI ya Ulaya hutumia 3, 7, 12, 16 na 18, na ESRB ya Marekani hutumia herufi, ambapo M ni kwa wenye miaka 17 na zaidi. Namba hiyo ndogo ndiyo ya kukuongoza.

SWALI: Mimi ni kijana wa Majengo, na nataka kuanza kuandika tahakiki za michezo kwa Kiswahili. Je, nitoe alama au nisitoe? Na je, lugha itanitosha? (Mpenzi wa michezo, Majengo)

JIBU: Lugha itakutosha, na ushahidi uko mtaani kwako. Ijumaa moja baada ya Magharibi nilikaa kwenye chumba cha kuchezea huko huko Majengo, chumba cha televisheni nne na feni moja, vijana wakilipia kwa mechi. Mmoja alishika pedi kuujaribu mchezo mpya wa mpira wa mwaka ule. Akapiga pasi tatu fupi kabla hajaanza kushambulia, akageuka akamwambia mwenziwe, "Mpira wa safari hii mzito." Nikamwuliza mzito vipi. Akanionyesha kwa kidole gumba: ukibonyeza pasi, mchezaji huchukua hatua moja ya ziada kabla mguu haujagusa mpira, na kwenye hatua hiyo ndipo beki anapokufikia. Sijasoma uhakiki wa mchezo huo uliolieleza jambo hilo vizuri kuliko kijana yule, na hakutumia neno hata moja la kuazima. Andika kama alivyosema. Sema mchezo unakwama, unaganda, mkono ni mwepesi, ngumi haina uzito, hadithi imerefushwa bure.

Juu ya alama, wewe ni mtu wa Mvita na umelelewa na mashairi, basi nitakujibu kwa njia hiyo. Shairi la kawaida lina mishororo minne katika kila ubeti, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane, na vina vya kati na vya mwisho vikipatana. Ukilihesabu kwa vidole na usione kosa, bado hujajua kama lina utamu. Hata hivyo hakuna mshairi wa pwani aliyesema tuache kuhesabu mizani. Tunahesabu kwanza, kisha tunazungumza. Ukitaka kutoa alama, itoe. Lakini maneno yako yawe yanasimama hata mhariri akiifuta.

Usiogope kuikariri hukumu yako pale kampuni inapokariri mchezo wake. Mwaka 2020 tovuti ya IGN ilipopewa mchezo wa mpira wa FIFA 21 wa mashine ya Nintendo Switch, iliona kwamba ni ile ile ya mwaka uliotangulia iliyobadilishwa vikosi na jezi, ikachapisha upya uhakiki wake wa FIFA 20 na kuupa 2 kati ya 10. Huo ulikuwa uungwana kwa mnunuzi. Vilevile uwe tayari kurudi kwenye mchezo uliokwisha kuupima. Crash Team Racing Nitro-Fueled, mchezo wa mbio za magari, ilitoka Juni 2019 ikasifiwa, na mwezi wa Agosti, tahakiki zikiwa zimekwisha kuchapishwa, ikaongezewa duka la kununua sarafu za mchezo kwa pesa halisi. Alama za Juni zilibaki palepale.

Sisi pia tuna mambo ambayo mhakiki wa London hana sababu ya kuyataja. Mchezo wa gigabaiti 100 kwa mtu anayenunua bando ni gharama ya pili juu ya bei ya diski. Mchezo usioruhusu watu wawili kushika pedi mbili kwenye televisheni moja hauna faida kwa mwenye chumba cha kuchezea. Stima ikikatika, je, mchezo umehifadhi ulipofika au unaanza mwanzo? Hilo la mwisho lijaribu mwenyewe: chomoa waya katikati ya ngazi, uwashe tena, uandike umerudishwa nyuma dakika ngapi.

Niletee uhakiki wa mchezo mmoja, maneno 800, kupitia ofisi ya jarida hili. Juu kabisa uandike mashine uliyotumia, saa ulizocheza, kama uliumaliza au hukuumaliza, na kama diski uliinunua au ulipewa. Alama iandike kwenye karatasi ya pekee, nami nitaifungua baada ya kuusoma uhakiki.