Wakili amelipwa fidia yangu, mimi sijaona hata senti

SWALI: Wakili, niliumia mguu katika ajali ya matatu hapa Kenya, na mahakama ikaamuru nilipwe fidia. Kampuni ya bima imenithibitishia kwamba ilimlipa wakili wangu miezi minane iliyopita. Kila nikimpigia simu ananiambia faili inashughulikiwa, na sasa anadai thuluthi ya fedha hizo ni yake kwa kuwa ndivyo tulivyokubaliana. Nikimshtaki kwa Chama cha Mawakili, atafutwa? Nami nitalipwa?

JIBU: Dada, hayo ni mambo mawili, nayo hayaendi pamoja kila mara: wakili anaweza kuadhibiwa na mteja asilipwe, na mteja anaweza kulipwa bila wakili kufutwa.

Fedha anazopokea wakili kwa niaba ya mteja si zake hata kwa siku moja. Kanuni za hesabu za mawakili zinamtaka aziweke katika akaunti ya wateja, mbali na fedha za ofisi yake, na akizigusa ili alipe kodi ya ofisi au karo ya watoto wake, hata kwa nia ya kuzirudisha, ametenda kosa la kinidhamu. Kuhusu ile thuluthi, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, hakitambui makubaliano ya wakili kulipwa iwapo tu kesi itashinda. Ada yake halali anastahili kulipwa, lakini mkibishana juu ya kiasi, mwenye kukadiria ni ofisa wa mahakama, si yeye.

Malalamiko yako yapeleke kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, ambayo iko chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu na haitozi ada. Kosa lisipokuwa zito, Tume inaweza kuwapatanisha. Likiwa zito, hulifikisha mbele ya Jopo la Nidhamu, ambalo hata wewe mwenyewe unaweza kuliendea kwa hati ya kiapo. Jopo hilo, wala si Chama, ndilo lenye uwezo wa kumwonya wakili, kumsimamisha kazi kwa muda usiozidi miaka 5, kumtoza faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kuamuru jina lake lifutwe katika orodha ya mawakili. Linaweza pia kumwamuru akulipe hadi shilingi milioni 5. Asiporidhika, ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu.

Kama haja yako kubwa ni fedha, mimi ningetazama pia Agizo la 52 la Kanuni za Mwenendo wa Madai, linaloiruhusu mahakama kumwamuru wakili atoe hesabu ya fedha za mteja na kuzilipa. Njia zote mbili zahitaji ushahidi, kwa hiyo anza leo kwa barua ya kumtaka akupe hesabu kamili, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa ofisi yake, kisha uiambatanishe na hukumu pamoja na barua ya bima inayoonyesha tarehe na kiasi kilicholipwa.

Mawakili wengi wakishaitwa na Tume huja mbio na ahadi ya kulipa kidogo kidogo. Pokea malipo, lakini usitie saini barua ya kuondoa malalamiko kabla fedha zote hazijaingia katika akaunti yako.