Kikorogeo cha hamira kwa feni ya kompyuta kuukuu

Pakiti yangu ya kwanza ya hamira ya maji, ya kutengenezea bia nyumbani, ilinifikia Malindi saa nne asubuhi, mwezi wa Februari, imevimba kama puto. Ilikuwa imelala kwenye buti la basi usiku kucha kutoka Nairobi, na barafu iliyofungwa nayo ilikuwa imegeuka maji ya uvuguvugu. Nilikuwa nimeshapika lita 20 za maji ya kimea, yaani maji matamu ya nafaka iliyochipushwa, kwa hiyo niliimimina hivyo hivyo. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu povu likaanza kupanda, lakini harufu iliyotoka haikuwa ya bia, ilikuwa ya siki. Ndoo nzima niliimwaga chini ya mpapai.

Kilichoniuma ni kwamba upishi wenyewe haukuwa na kasoro. Kimea kilikuwa kizuri, hopsi, maua yanayoipa bia uchungu, zilikuwa mpya, ndoo niliisugua mpaka ikang'aa. Kilichopungua ni idadi. Pakiti kama ile hutoka kiwandani na seli za hamira zipatazo bilioni 100, na lita 20 za bia ya kawaida zinataka karibu bilioni 180. Sasa toa zilizokufa njiani kwa joto, uone umebaki na nini. Hamira ikiwa chache huchelewa kuanza kazi, na bakteria hawamsubiri mtu.

Dawa ni kuikuza hamira kwanza kwenye chupa, siku moja au mbili kabla ya kupika, kwa maji kidogo ya kimea. Mimi huiita chachu, kama vile mama zetu walivyoita unga uliowekwa jana kwa ajili ya kesho. Chachu ikiachwa imetulia, hamira hushuka ikajipanga chini tabaka kwa tabaka, na zile za chini hazioni sukari wala hewa. Ikikorogwa mfululizo, gesi inatoka, hewa mpya inaingia, na kila seli inakutana na chakula chake. Hewa ndiyo siri kubwa zaidi. Hamira hutumia oksijeni kutengeneza mafuta yanayolainisha ngozi ya seli, na mafuta hayo yakiisha, kuzaana kunakoma.

Mwanzo nilikuwa nikitikisa kwa mkono kila nikipita jikoni. Inasaidia, na kama huna kitu kingine fanya hivyo. Lakini usiku unalala, na hamira hailali. Ndipo nikatengeneza kikorogeo, kifaa kinachoikoroga chachu chenyewe kwa sumaku.

Neno moja kabla hujaanza kutafuta vifaa: ikiwa unatumia hamira kavu ya bia, ile ya punje, huhitaji kifaa hiki. Hamira kavu hutoka kiwandani imeshashiba mafuta yake na seli zake ni nyingi, iloweke tu kwenye maji ya uvuguvugu kisha uitie kwenye ndoo. Kwa hali yetu ya pwani, anayeanza namshauri aanze na hiyo. Kikorogeo ni cha anayetaka aina za hamira zinazouzwa kwa maji tu, au anayetaka kuvuna hamira yake na kuitunza.

Vikorogeo vinavyouzwa tayari ni ghali ukiongeza usafirishaji, na kazi yake ni ndogo mno: kuzungusha sumaku chini ya chupa, ili sumaku nyingine iliyomo ndani ya chupa iifuate. Arthur Rosinger wa Marekani alipata hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1944. Leo chochote kinachozunguka kinatosha, na kinachozunguka kwa bei ya chini kabisa ni feni ya kompyuta.

Ya kwangu niliitoa kwenye kompyuta iliyokufa, ya volti 12, upana milimita 80. Niliipeleka kwa fundi wa redio mtaani, mtu mzima ambaye amezishika redio za Malindi tangu mimi sijazaliwa. Nilimwambia, "Ami, nataka feni hii izunguke polepole, na niweze kuipunguza na kuiongeza." Nilikuwa nimenunua voliumu ya redio, nikidhani nitaiunga tu katikati ya waya. Aliigeuza mkononi, akasoma maandishi ya feni, akaniambia, "Voliumu peke yake itaungua, mwanangu. Hii ni ya sauti, si ya kubeba mota." Kisha akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kukorogea hamira. "Ya mahamri?" La, ya bia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mimi nakuonyesha umeme. Hayo mengine ni yako." Akanionyesha umeme, na alinionyesha vizuri kuliko nilivyowahi kufundishwa na mtu.

Alichokitumia ni kidude cheusi chenye miguu mitatu kiitwacho LM317, ambacho kazi yake ni kushusha volti na kuishikilia pale ulipoiweka. Kinataka rezista, kidude cha kuzuia umeme, ya omu 240 na voliumu ya omu 2,000. Mzigo wote unapita kwenye LM317, na voliumu inatoa amri tu. Kifunge kwenye kipande cha bati la alumini, kwa sababu kinapata joto. Umeme unaingia kutoka kwenye adapta ya volti 12, kama ile ya ruta ya intaneti. Kwenye feni utakuta waya mwekundu na mweusi, hizo ndizo unazohitaji. Ukikuta waya wa tatu wa njano, huo ni wa kuijulisha kompyuta mwendo wa feni, ufunge kwa tepu uuache. Kama huna fundi wala vipuri, jaribu chaja ya simu ya volti 5. Feni nyingi za volti 12 zinazunguka kwa volti 5, nyingine zikihitaji kusukumwa kwa kidole kuanza, na mwendo wake wa pole mara nyingi unatosha. Unachokosa ni uwezo wa kuurekebisha.

Sumaku sasa. Hapa ndipo watu wengi hukwama, na mimi nilikwama wiki mbili.

Sumaku nzuri ziko ndani ya hadi diski mbovu, ile diski ya kompyuta inayohifadhi mafaili. Fungua kwa bisibisi ya nyota ya ncha sita (Torx), utakuta vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vimegandishwa kwenye vibati vya chuma. Ni sumaku za neodimiamu, zina nguvu isiyolingana na ukubwa wake. Zikikutana na ngozi ya kidole katikati, damu inatoka, yangu ilitoka. Usizisogeze karibu na kadi ya benki, na mwenye kifaa cha moyo mwilini asizishike kabisa. Usizing'oe kwenye kibati chake: kibati kinaelekeza nguvu juu, na kinaikinga mota ya feni iliyo chini.

Kosa nililolifanya ni kubandika vipande viwili, kila kimoja upande wake wa feni, kwa kukisia. Feni ikatetemeka kama bajaji kwenye barabara ya mawe, na kijiti cha sumaku ndani ya chupa kikawa kinarushwa pembeni kila baada ya sekunde chache. Nilibandua, nikabandika upya, nikabandua tena. Nilichokuwa sikijui ni kwamba sumaku moja ya hadi diski ina ncha zote mbili kwenye uso mmoja: nusu ni kaskazini, nusu ni kusini. Kipande kimoja kinatosha. Kinachotakiwa ni ule mstari usioonekana unaozigawa ncha hizo upite juu ya kitovu cha feni.

Na mstari huo unajionyesha wenyewe. Chukua kijiti chako cha sumaku, kile cheupe kitakachoingia kwenye chupa, kiachie juu ya kipande cha hadi diski. Kitajigeuza, kitatikisika, kisha kitatulia mahali pamoja, na ukikisukuma kinarudi pale pale. Tia alama ya wino chini ya katikati ya kijiti. Alama hiyo ndiyo inayokaa juu ya kitovu cha feni. Siku niliyofanya hivyo, feni ilizunguka bila kelele, na nikaona kwa mara ya kwanza maji ndani ya chupa yakijikunja katikati na kufanya tundu jembamba lililoshuka mpaka chini. Nilikaa kuyatazama mpaka adhana ya alasiri.

Bandika kwa epoksi. Gundi ya kuyeyusha kwa bunduki haifai kwetu: mchana wa kaskazi, ndani ya kisanduku kilichofungwa, inalegea, na sumaku inaanza kuhama. Kijiti cheupe chenyewe usikitengeneze nyumbani. Kinunue kwenye duka la vifaa vya maabara, mimi nilikipata Mombasa, kimevishwa Teflon kwa hiyo hakishiki kutu wala ladha. Urefu wa milimita 25 hadi 40 unafaa.

Kisanduku nilikitengeneza kwa mbao, kifuniko plywood ya milimita 3. Feni inainuliwa kwa washa na nati mpaka sumaku ikaribie kifuniko bila kukigusa. Nguvu ya sumaku huanguka haraka kwa kila milimita unayoiachia. Chagua pia chupa ya chini bapa. Ile iliyoinuka kitako kama chupa ya mvinyo itakutesa, kijiti kinateleza kama kilichowekwa mgongoni mwa kobe. Chupa ya maabara yenye umbo la koni ni bora, na iwe ya kioo kinachostahimili joto, kwa sababu itatoka motoni ikaingia kwenye maji baridi. Yangu ya kwanza ilikuwa ya kioo cha kawaida, ikapasuka sinki likajaa asali ya kimea.

Upishi wa chachu ni mwepesi. Gramu 100 za unga wa kimea, ule unaoyeyuka, yaani maji ya kimea yaliyokaushwa, kwa lita 1 ya maji, chemsha dakika 15 na kijiti kikiwa ndani ili nacho kisafike. Angalia povu, linapanda ghafla kama maziwa. Funika mdomo wa chupa kwa foili iliyolegea, hewa ipite na vumbi lisiingie, kisha poza kwenye beseni la maji mpaka ukishika chupa usihisi joto. Tia hamira, weka juu ya kikorogeo, anza na mwendo mdogo kabisa uongeze taratibu. Ukianza kwa kasi kijiti kitarushwa. Huhitaji kimbunga. Kijitundu kidogo juu ya maji kinatosha, na nimeona ni afadhali ya pole isiyokatika kuliko ya kasi inayokatika usiku wa manane. Saa 24 hadi 36 baadaye, maji yaliyokuwa rangi ya chai ya rangi yatakuwa mazito rangi ya maziwa ya chai. Hiyo ni hamira.

Msimu wa kaskazi jikoni kwangu hupita nyuzi 30, na chachu naipenda isizidi 25. Kwa hiyo naweka kikorogeo chote ndani ya kasha la kubebea samaki, lililooshwa, pamoja na chupa ya plastiki iliyojaa barafu pembeni. Chupa hiyo naibadilisha asubuhi na jioni. Umeme ukikatika, natikisa kwa mkono mpaka urudi. Feni nazo hazidumu: chumvi ya bahari inaingia kwenye mhimili, baada ya mwaka hivi inaanza kulia. Weka ya akiba, na sumaku ibandike kwenye kitovu ambacho utaweza kukitoa kwa kisu.

Kuna mzee mgema wa Ganda, hapa nje ya Malindi, ambaye huniletea pombe ya mnazi, na siku moja aliikuta chupa ikizunguka. Akauliza kwa nini nahangaika, ilhali mnazi wake unachemka wenyewe kabla hajashuka mnazini. Ni swali la haki, na nililijaribu. Nilichukua masimbi, yaani mashapo, ya mnazi wake nikayakuza juu ya kikorogeo, nikatia kwenye lita 5 za maji ya kimea. Ilichacha kwa kasi ya ajabu, na siku ya nne ilikuwa imekwisha kuwa kali. Mnazi unabeba hamira za mwitu pamoja na bakteria wa maziwa na wa siki, ndiyo maana ladha yake inabadilika kutoka asubuhi hadi jioni, na ndiyo maana unapendwa. Bia inataka hamira ya ukoo mmoja, jambo ambalo Emil Christian Hansen alilifanikisha kwenye maabara ya Carlsberg huko Copenhagen mwaka 1883. Kikorogeo hakichagui: ukitia mchanganyiko, kitakukuzia mchanganyiko. Usafi unatangulia. Nilimweleza mzee hivyo, akasema, "Basi yako ni ya kufuga, yangu ni ya porini." Sijapata maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Haya yote ni kwa kinywaji cha nyumbani kwa watu wazima. Anayewaza kuuza, sheria ya vileo ya mwaka 2010 inamtaka awe na leseni.

Chachu ikiiva, itie kwenye friji usiku mmoja. Hamira itashuka chini iwe tabaka jeupe kama siagi. Asubuhi mimina maji ya juu, bakisha vidole viwili, tikisa ulegeze tabaka, kisha tia kwenye ndoo ya bia. Kabla hujainamisha chupa, shika kile kipande cha pili cha sumaku ya hadi diski kwa nje, chini ya kitako. Kijiti kitagandamana nacho. Mimi niliwahi kusahau, nikauchovya mkono mzima kutafuta kijiti ndani ya lita 20 zilizokuwa safi. Sasa kipande hicho kinaning'inia kwenye msumari juu ya sinki, usawa wa macho.