Nimepiga spreyi mara mbili, sisimizi wameongezeka

SWALI: Fundi habari za kazi. Nakaa Tabata, nyumba ya kupanga, vyumba vya chini. Jikoni nina sisimizi wadogo sana wa rangi ya njano njano, wanaingia kwenye sukari hata nikifunga kopo, juzi nimewakuta kwenye chuchu ya chupa ya maziwa ya mtoto. Nimepiga spreyi ya kopo mara mbili, wakapotea siku tatu, sasa hivi wanatoka hadi kwenye soketi ya chumbani. Mtoto ana miezi 9 anatambaa kila kona, baba yake ana pumu, sitaki tena masumu ndani. Kuna njia?

JIBU: Pole sana dada. Njia ipo, ila hao wa kwenye soketi, samahani kusema, inawezekana kabisa umewahamishia wewe mwenyewe na ile spreyi.

Iko hivi. Hao wadogo wa njano, milimita 2 hivi, kwa maelezo yako nawadhania ni wale wanaoitwa sisimizi wa Farao, kitaalamu Monomorium pharaonis. Kundi lao moja lina malkia wengi, na wakishtushwa na dawa hawakai kusubiri kufa, wanagawanyika, malkia kadhaa wanaondoka na vibarua wao wamebeba mayai na watoto wanahamia ukuta mwingine. Yaani unapiga jikoni kundi moja unapata makundi matatu. Na wale uliowafagia wamekufa asubuhi yake ni vibarua tu waliotumwa chakula, sehemu ndogo sana ya wote waliopo, malkia mwenyewe yuko ndani ya ukuta anataga na wala hajui kama kuna mtu kanunua spreyi. Mi mwenyewe miaka ya mwanzo ya hii kazi nilikuwa napuliza tu, mteja anafurahi, baada ya wiki mbili ananipigia tena, nalipwa tena. Sijivunii.

Kwa hiyo acha kuwaua, walishe.

Leo usiku mtoto akishalala chukua kifuniko cha plastiki, upande mmoja weka tone la asali, upande wa pili siagi ya karanga kidogo, weka kwenye njia yao halafu vuta kistuli ukae nusu saa uangalie. Utamwona mmoja anafika kwenye asali, anazunguka zunguka, anainama anakunywa mpaka tumbo linavimba linapitisha mwanga, halafu anageuka kurudi taratibu huku ncha ya tumbo inagusa gusa chini. Pale ndo anachora njia, anaacha harufu ambayo we huisikii lakini wenzake wanaifuata kama reli. Angalia tu wamejazana upande gani, ndo hicho wanachokitaka kwa sasa. Wakiwa na watoto wengi wa kulea hupenda zaidi vya protini na mafuta, ndo maana kuna wakati unaweka sukari wanaipita.

Sasa chambo. Nenda duka la dawa uulize unga wa asidi ya boriki (usichukue poda ya keram kwa wale vijana wa kijiweni, nyingine ni boriki kweli na nyingine wala siyo). Chukua glasi moja ya maji ya moto, mililita 250, weka sukari vijiko vya chai 8 na boriki nusu kijiko cha chai tu, koroga mpaka iyeyuke yote. Nusu. Watu wanaharibia hapa, wanaona nusu ni kidogo wanatia vijiko vitatu ili ikolee, matokeo yake kibarua anafia njiani kabla hajafika nyumbani, na sisi tunataka afike, awagawie wenzake mdomo kwa mdomo mpaka imfikie malkia. Kama wamependa karanga, changanya robo kijiko cha chai cha boriki kwenye vijiko vitano vya chakula vya siagi ya karanga.

Niwe mkweli kwako manake umesema hutaki sumu, boriki siyo maji ya baraka. Haina harufu na ikishayeyuka kwenye maji hairuki hewani, kwa hiyo baba mwenye pumu hana shida nayo, lakini mtoto akiimeza inamdhuru. Wakati wa kupima usiupeperushe ule unga, tumia kijiko cha kutupa. Chambo usikiache wazi hata dakika moja, chovya pamba, tia kwenye kikopo chenye mfuniko wa kubana, toboa vitundu vidogo kwa msumari, andika SUMU kwa maka pen, kibandike kwa selotepu juu ya kabati au nyuma ya friji ambako mkono wa mtoto haufiki hata akianza kusimama wiki ijayo. Mchanganyiko uliobaki mwaga, usiweke kwenye chupa ya soda.

Siku mbili tatu za kwanza watajaa kuliko mwanzo na utatamani kuchukua spreyi. Usithubutu. Wala usipige deki ile njia yao, wala siki, wala limao, waache wapite. Badilisha pamba ikikauka, ukoroge mchanganyiko mpya. Wa kawaida hupungua ndani ya wiki moja mbili, hawa wa Farao wanaweza kuchukua wiki kadhaa, na kwa vile mmepanga pamoja ongea na majirani nao waweke chambo, kundi halijui ukuta wa nani ni wa nani.

Wakishaisha ndo unapiga deki kwa maji ya sabuni kufuta harufu yote, na kuziba nyufa kwa silikoni au saruji nyeupe.

Sukari na maziwa hayasubiri wiki tatu lakini. Kopo la kuzungusha mfuniko halimzuii sisimizi wa milimita 2, anapita kwenye zile nyuzi za mfuniko. Fanya kama bibi zetu, sahani yenye maji, kopo katikati. Kabati la chakula nalo hivyo hivyo, miguu minne kwenye makopo manne ya maji. Mi naongeza tone la sabuni ya maji, bila sabuni wepesi kama hao wanatembea juu ya maji, na pia mbu hawapati pa kuzalia, Dar hii dengi ya 2014 na 2019 tumeiona. Chupa za mtoto ukishaziosha weka kwenye friji.

Hizo za mtandaoni sasa. Mdalasini, karafuu, siki, vinafukuza siku moja mbili, havigusi malkia. Magadi na sukari nimejaribu mara nyingi, walikula wakanenepa. Mafuta ya taa ndani ya nyumba yenye mtu wa pumu na jiko la gesi sitaki hata kusikia.

Ila kibaya kuliko vyote ni ile chaki ya mende wanayouza machinga stendi, mstari mmoja sisimizi hawavuki na watu wanaamini ni ya asili kwa sababu ni chaki. Siyo ya asili. Ndani ina viuadudu kama deltamethrin, familia moja na vilivyomo kwenye makopo mengi ya spreyi, na pakiti zake mara nyingi hazina maelezo ya maana, na mtoto wa miezi 9 hawezi kuitofautisha na chaki ya shule, ataitia mdomoni. Kama unayo kwenye droo itoe leo.

Ile soketi usiimwagie maji wala sabuni wala kitu chochote. Weka kikopo cha chambo ukutani karibu nayo, juu, na ikianza kutoa cheche au harufu ya kuungua zima meni swichi uite fundi umeme.

Wiki ya nne ikifika bado unawaona, geuza chambo, kama ulianza na sukari weka karanga, halafu ndo unipigie. Nauli ya kuja Tabata utalipa wewe.